Shangazi Kaja na Shangazi Kaja: Siku Kumi, Mabegi Mawili, Meli Moja

Alhamisi. Heathrow hadi Reading

Nilimwona kabla hajaniona. Baibui jeusi, koti nililomtumia mwaka juzi, na juu ya toroli lile begi la nailoni la miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, limefungwa kamba ya manila mara tatu kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Begi hilo kwetu huitwa shangazi kaja. Shangazi kaja, na kaja na shangazi kaja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Shika hili, zito."

Zito kweli. Mwezi wa pili nilimpigia simu akiwa kwao Wete, Pemba, nikamwambia anunue begi la kuburuta, la magurudumu manne, hata la bei ya chini akipita sokoni Darajani. Akasema inshallah. Kuna inshallah ya kukubali na kuna inshallah ya kufunga mazungumzo, nami nilipaswa kuitambua ile.

Nikiri jambo moja, lakini. Kwenye mkanda wa mizigo pale uwanjani kulikuwa na masanduku meusi na ya kijivu mia na kitu, watu wanainama kusoma vibandiko, wanarudisha, wanachukua jingine. Shangazi anasema begi lake alilijua tangu linachomoza kwenye pazia la mpira.

Kutoka Heathrow kuja kwangu kuna taksi, ambayo ni ghali, kuna treni za kubadilisha njiani, na kuna basi la RailAir linalokwenda moja kwa moja hadi stesheni ya Reading. Nikisafiri na mtu mzima, bei huwa siitazami kwanza. Nahesabu begi litanyanyuliwa mara ngapi. Kwa treni ni kuingiza, kutoa, ngazi, kuingiza tena, kutoa tena. Kwa basi ni kuliweka tumboni na kulitoa. Tukapanda basi.

Ijumaa. Reading, sebuleni

Leo ni siku ya kupakua na kupakia. Meli inaondoka kesho Southampton kwenda kwenye fiodi za Norway, usiku saba. Safari hii niliiweka akiba tangu nilipoanza kazi ya usiku, kwa sababu Shangazi ndiye aliyenisomesha, na kwa sababu aliwahi kusema anataka kuona barafu "isiyotoka kwenye friji."

Kazi kubwa haikuwa nauli, ilikuwa makaratasi. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza mbili, ya Uingereza na ya Schengen. Hiyo ya pili anatakiwa kuiomba akiwa nchi anayoishi; ukija Uingereza kutembea ukidhani utaiombea huku, unajisumbua. Shangazi alishughulikia zote mbili akiwa nyumbani. Na ile ya Uingereza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ikishatoka umetoka nchini, hata kama nguo zako nusu ziko Reading.

Begi likafunguliwa. Karafuu kilo mbili. Halua ya Wete ndani ya vikapu vyake. Visheti. Khanga doti nne. Chetezo cha umeme kipya ndani ya boksi, zawadi yangu, na udi wake. Na chini kabisa, kimeviringishwa ndani ya taulo, kibao cha mbuzi.

"Shangazi, mbuzi?"

"Utakuna nazi na nini?"

Nikamsomea orodha ya vitu vinavyokatazwa melini. Karibu kila kampuni ya meli za matembezi inayo, na zinafanana: hakuna mishumaa, hakuna ubani wala udi, hakuna birika la umeme, hakuna pasi, hakuna chochote chenye waya wa kupata moto, hakuna visu. Moto katikati ya bahari hauna jirani wa kuitwa. Chetezo kikabaki Reading, mbuzi ikabaki Reading. Nilisoma kwa sauti ya mwalimu, kidole juu. Kumbukeni kidole hicho.

Kisha nikahamia kwenye sanduku langu, nililolichagua kwa fahari: gamba gumu, magurudumu manne yanayozunguka kila upande, urefu sentimita 75. Dukani unalisukuma kwa kidole kimoja. Shangazi akaligonga gonga kama anayechagua fenesi, akauliza, "Likiwa tupu lina kilo ngapi?" Nne na nusu. Lake likiwa tupu huwezi hata kulipima kwa mizani ya bafuni.

Mwisho tukapanga begi la mkononi, na hapa sikutaka mjadala. Mizigo mikubwa unaikabidhi bandarini na inaletwa chumbani baadaye, pengine jioni. Pasipoti, dawa za presha, miwani, chaja na nguo moja ya kubadilisha vinakaa mwilini mwako au mgongoni mwako. Shangazi alitii. Mimi nikatia pasipoti na dawa za Shangazi, nguo za Shangazi, miwani ya Shangazi.

Jumamosi. Southampton

Kuna treni ya moja kwa moja kutoka Reading hadi Southampton Central, kama dakika hamsini. Kunyanyua mara ya kwanza, kuingia. Mara ya pili, kushuka. Sanduku langu likatelemka jukwaani peke yake kama limeitwa. Begi la Shangazi tulilishika kila mmoja mkono wake, tukatembea ubavuubavu kama wabeba jeneza.

Kwenye taksi dereva akauliza, "Mnapanda meli gani?" Badala ya kumtajia jina la meli, nikajitia ujuzi: "Mayflower." Rafiki yangu alipandia meli kituo cha Mayflower mwaka jana, nami nikakariri. Southampton haina kituo kimoja cha meli. Mayflower iko upande wa magharibi, unaingilia lango namba 10. Ocean na QEII ziko mashariki, lango namba 4. Tumefika, tumeshusha, Shangazi ameshaanza kurekebisha ushungi kwa ajili ya picha, ndipo nikaona meli iliyopo mbele yetu si yetu. Yetu ilikuwa Ocean. Dereva alikuwa amesimama bado, anatusubiri. Alijua. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita.

Ukifika Southampton taja jina la meli. Madereva wa pale wanajua kila meli imelala wapi siku hiyo kuliko karatasi yako.

Kuna kitu sikumwambia Shangazi pale lango la 4: kwamba ni kutoka magati hayohayo ya upande huu ndipo Titanic ilipong'oa nanga tarehe 10 Aprili 1912. Nilipanga kumwambia tukirudi.

Nje ya kituo wachukuzi wa mizigo wanakusubiri na matoroli ya vyuma. Lebo nilizichapisha nyumbani, zina namba ya chumba na sitaha, nimezikunja na kuzibana kwa stepla kwenye vishikio, na juu yake nikapitisha selotepu. Mchukuzi akanyoosha mkono. Shangazi hakuachia.

"Risiti iko wapi?"

"Hakuna risiti, shangazi. Lebo ndiyo hiyo."

"Mtu nisiyemjua ananichukulia begi, hanipi hata kikaratasi?"

Mtu aliyekulia na bandari ya Unguja, ambako mchukuzi anaweza kulibeba begi lako kabla hujaamua kusafiri, ana haki ya kuuliza. Mwishowe alimpiga picha mchukuzi kwa simu, begi likiwa mkononi, akaridhika. Yule kijana akatabasamu na kuonyesha dole gumba.

Ndani mambo yalikwenda haraka: pasipoti, viza, picha, mashine ya kukagulia, ngazi. Saa nane mchana tulikuwa tunakula biriani isiyokuwa biriani.

Kabla meli haijaondoka kuna mazoezi ya dharura, na hayana hiari. Baada ya Costa Concordia kupanda mwamba kule Giglio, Italia, Januari 2012, kanuni zilikazwa: abiria wapewe mazoezi kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Watu wengi hupita kwenye kituo chao, wakahesabiwa, wakarudi kwenye vinywaji. Shangazi alimwomba binti wa meli amvalishe boya, akakaza mikanda mwenyewe, akavua, akavaa tena bila kusaidiwa. Akauliza boti zipo ngapi na watu wapo wangapi. Yule binti akamjibu kwa subira, namba kwa namba. Mtu wa Pemba aliyekuwapo Septemba 2011, Spice Islander ilipozama nje ya Nungwi ikiwa imejaza kupita kiasi, hasikilizi mazoezi haya kama matangazo. Hatukulizungumza. Nikavaa boya langu na mimi, nikakaza.

Saa kumi na mbili jioni begi la miraba lilikuwa mlangoni, salama, kamba yake haijaguswa. Sanduku langu halipo. Saa moja, halipo. Saa mbili kasoro simu ya chumbani ikalia: niteremke sitaha ya chini, mizigo yangu imezuiwa.

Chumba kile kina meza ndefu, na nyuma yake askari wa meli, na mbele yake mstari wa watu wenye aibu. Sanduku langu likafunguliwa. Pasi ndogo ya safari. Na waya wa ekstensheni wenye soketi nne. Nilikuwa nimevitia siku tatu kabla, na siku ya kusoma orodha nilisoma kwa ajili ya begi la mwenzangu. Vikaandikwa kwenye daftari, navichukua siku ya kushuka. Na hapo, jamani, nilipewa risiti.

Foleni ile ilinimalizia muda wa chakula. Nguo zangu zote zilikuwa humo ndani na za akiba sikuwa nazo. Niliporudi na kuliburuta sanduku chumbani, Shangazi alikuwa ameshaniwekea khanga kitandani. "Jitande, twende. Njaa haingoji suruali." Hakusema neno jingine, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumapili. Bahari ya Kaskazini

Nimetapika. Shangazi amekula mara tatu. "Hii ndiyo bahari?" ameniuliza, amekaa dirishani na tangawizi yake. "Wewe hujapita mkondo wa Nungwi mwezi wa saba, kusi limechachamaa."

Nikiwa nimelala nimepata nafasi ya kukitazama chumba. Sanduku gumu linafunguka kama kitabu, nusu huku nusu huku, kwa hiyo linahitaji kitanda kizima au sakafu yote. Chini ya kitanda haliingii, limezidi kwa upana wa vidole viwili; kipimo hicho ningeweza kukiuliza kabla sijanunua. Limesimama pembeni mwa mlango wa choo, na kila mtu akienda usiku analigonga. Begi la Shangazi limetolewa vitu, limekunjwa, liko chini ya mto wake.

Kitu kimoja nilichopatia: kulabu za sumaku. Kuta za kabini ni za chuma. Tumetundika baibui, koti, mkoba na msala.

Jumatatu. Stavanger

Meli imefunga gati katikati ya mji kabisa, hakuna basi wala taksi wala mjadala. Unashuka ngazi, unavuka barabara, uko Gamle Stavanger, mji wa kale wa nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyeupe na maua madirishani. Njia ni za mawe, na bibi mmoja aliyekuja na begi la magurudumu la kununulia vitu alijuta mbele ya macho yetu.

Katikati ya nyumba hizo kuna jumba la makumbusho la kiwanda cha kusindika samaki. Stavanger iliishi kwa samaki wa kopo kabla ya mafuta. Shangazi alisimama mbele ya vijiti walivyotungia samaki wadogo kabla ya kuwatia moshini, akavitazama kwa muda mrefu.

"Dagaa," akasema. "Wamewatunga macho."

Kisha akamweleza mhudumu, kwa Kiswahili, jinsi dagaa wanavyoanikwa kwetu. Mhudumu alisikiliza mpaka mwisho.

Jumanne. Olden

Kijiji mwishoni mwa fiodi, maji ya kijani, milima imesimama wima. Barafu ya Briksdal iko zaidi ya kilomita ishirini bondeni. Ni mkono wa Jostedalsbreen, barafu kubwa kuliko zote katika bara la Ulaya. Hapa ndipo suala la usafiri linapouma. Ukinunua matembezi ya meli, basi likichelewa meli inasubiri. Ukijipangia mwenyewe unalipa kidogo, lakini ukichelewa utaipungia meli mkono. Kwa Stavanger ningejipangia hata nikiwa usingizini. Kwa Olden, nikiwa na mtu mwenye magoti ya miaka sitini na tisa na barabara moja tu ya kwenda na kurudi, nililipia ya meli na sijutii. Nilihakikisha kabla kwamba tiketi ina nafasi kwenye vile vigari vya wazi vinavyopandisha watu mlimani, maana kwa miguu ni mwinuko, na nafasi huwahi kujaa.

Kigari kinakufikisha karibu, kipande kilichobaki unatembea. Tulitembea pole pole. Maporomoko yalitulowesha njiani. Kule juu Shangazi aliitazama barafu, ya bluu mahali na chafu mahali, imening'inia kwenye jabali.

"Ni ndogo kuliko nilivyodhani."

Nikamwambia imekuwa ikirudi nyuma, zamani ilifika hadi kwenye lile ziwa. Akanyamaza. Akaokota kijiwe, akakitia mfukoni.

Usiku saa tano bado kweupe. Tunatafuta kibla kwa simu, tukishakipata meli inageuka.

Jumatano. Geiranger

Fiodi hii imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2005. Kuna gati linaloelea, lakini leo lina meli nyingine. Sisi tumetia nanga katikati na tunapelekwa nchi kavu kwa boti. Hapo ndipo utajua nani alichagua begi la siku kwa akili. Unahitaji mikono miwili, mmoja wa kushika chuma, mwingine wa kushikwa na baharia. Mama mmoja mbele yetu alikuwa na mkoba wa bega, kamera shingoni na mfuko wa karatasi. Foleni yote ilimsubiri. Shangazi, mkoba wake mgongoni, alimtazama baharia, akangoja wimbi liinue boti, akavuka hatua moja. Baharia akasema kitu. Nikatafsiri: anauliza kama umewahi kufanya kazi hii.

"Mwambie mashua ya kisiwani Fundo haina ngazi."

Wakati wa kuingia tulipita maporomoko saba yanayoitwa Dada Saba, na ng'ambo yake poromoko moja peke yake, linaloitwa Mchumba. Wenyeji wanasema alimposa kila mmoja na wote walimkataa.

"Wote saba?" Shangazi akauliza. "Basi ana kasoro, wamechunguza."

Alhamisi. Bergen

Mvua. Bergen inanyeshewa zaidi ya siku mia mbili kwa mwaka, kwa hiyo si habari. Tumeshushwa gati la Jekteviken, ambako huruhusiwi kutembea kwa miguu bandarini. Kuna basi la bure hadi mjini. Tukaenda Bryggen, yale maghala ya mbao yaliyopinda ya wafanyabiashara wa Kijerumani wa zamani, waliotajirika kwa samaki mkavu. Shangazi alinusa duka moja, akasema "ng'onda" kabla sijasoma kibao. Tukanunua kipakti kimoja kilichofungwa vizuri.

Ijumaa. Baharini tena

Karatasi imeingia chini ya mlango: mabegi yatolewe nje ya chumba usiku huu kabla ya saa tano, yakiwa na lebo za rangi, asubuhi utayakuta ukumbini bandarini.

"Nje? Usiku kucha?"

Nilieleza. Nilieleza tena. Nikamwonyesha ushoroba mzima mabegi yamepangwa, hakuna mwizi. Akasema yeye hazungumzii wizi, anazungumzia begi lake. Kuna njia ya pili: unashuka na mizigo yako mwenyewe, mapema, bila kusubiri rangi kuitwa, mradi uweze kubeba kila kitu bila msaada. Nikakubali, nikarudisha na langu ndani lisibaki peke yake nje. Shangazi alilifunga lake saa tatu, kamba ya manila mara tatu, na zawadi za watoto wa Wete wote humo ndani.

Jumamosi. Southampton hadi Reading

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya lifti pamoja na kila mtu mwingine aliyedhani ni mjanja. Nilisimama kwanza kuchukua pasi na ekstensheni. Kisha ngazi ya kushukia, ndefu, ina mteremko na mistari ya kuzuia utelezi, na katikati yake kishikio cha begi la Shangazi kikakatika. Cha upande wangu. Begi likakaa chini kama punda.

Nyuma yetu watu mia. Shangazi hakupaza sauti. Alifungua mkoba, akatoa khanga, ile ile ya Jumamosi iliyopita. Tukalipandisha begi juu ya sanduku langu, tukalizungushia khanga, tukafunga fundo mbele kama anayembeba mtoto. Magurudumu manne yakachukua uzito wote. Nililisukuma kwa mikono miwili hadi kwa ofisa wa pasipoti, ambaye aliangalia viza, akaangalia mzigo, akatukaribisha Uingereza.

Tiketi ya treni nilinunua ya kupanda yoyote, siyo ya bei rahisi iliyofungwa kwenye treni moja, kwa sababu meli inaweza kuchelewa kufunga gati. Haikuchelewa. Ndege ya Shangazi ni Jumatatu, na hata ingekuwa leo nisingekubali iwe kabla ya alasiri.

Kwenye treni nikamweleza habari ya Titanic na lango la 4. Alinitazama kwa muda.

"Nilijua. Kijana wa mizigo aliniambia kwa mikono." Akaligonga gonga sanduku langu kwa kidole, pale pasipofunikwa na khanga. "Hili kule dukani lipo jekundu?"

"Lipo. Unalitaka? Na hilo la miraba tulitupe?"

"Tulitupe kwa nini? Litaingia ndani yake."